Karani wa wakili kwenye ofisi toksiki: fanya hivi kabla hujaacha kazi

Naandika hii mara moja ili nisirudie rudie, maana meseji ninazopata ni zilezile. Dogo kamaliza LLB, yaani shahada ya sheria, anasubiri Law School, au kamaliza Law School anasubiri kuapishwa kuwa wakili, yuko ofisi ya wakili hapa Dar, pale Posta au Kariakoo, bosi anafoka kuanzia asubuhi, mshahara unakuja kwa mafungu, halafu swali linakuwa "kaka niache au nivumilie?" Mi nimekaa ofisi mbili, ya kwanza ilikuwa moto wa wazi wazi, na nilichojifunza ni kwamba hilo swali ni la mwisho. Kuna vitu unatakiwa ufanye wiki hii hata kama unaondoka kesho, kwa sababu ofisi ya sheria haikuumizi kwa makelele, inakuumiza kwa karatasi yenye jina lako.

Halafu tuelewane jambo moja. Msaidizi wa kisheria anayetajwa kwenye Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ni yule aliyesajiliwa anayesaidia wananchi huko kwenye kata na vijiji. Wewe wa ofisini ni karani wa wakili, au "ofisa sheria" kama bosi anataka kukupamba bila kukuongeza hela. Vyovyote utakavyoitwa we ni mwajiriwa, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakuhusu sawa na mtu wa kiwandani. Mawakili wengi wanaitumia hiyo sheria vizuri sana mahakamani kwa ajili ya wateja wao, kwao wenyewe wanasahau.

Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Kaunta buku moja ngumu, kurasa zimeshonwa. Usitumie daftari la kuchana chana.
- Imeili yako binafsi ambayo ofisi haina paswedi yake.
- Ushahidi kwamba umeajiriwa: mkataba, barua, meseji za benki za mshahara, kitambulisho, chochote.
- Namba yako ya uanachama NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii.
- Vyeti vyako halisi vikiwa NYUMBANI. Ofisi inapewa nakala. Kama bosi anashikilia vya kwako, viombe leo kwa kisingizio chochote, sema unaomba Law School, sema kuna mkopo, ilimradi vitoke mle.
- Wakili mmoja wa nje ya ofisi unayeweza kumpigia simu saa mbili usiku.
- Nauli na kodi ya miezi miwili mitatu, ukiweza. Najua ni ngumu, anza na kidogo.

Hatua ya 1: Tenganisha kelele na hatari

Fungua kaunta buku, chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika vinavyokuudhi: kufokewa mbele ya mteja, kutumwa supu, kupigiwa simu Jumapili, kuitwa mjinga kwa sababu ya koma. Kulia andika vinavyoweza kukufikisha polisi au kukuzuia kuapishwa: kusaini jina la mtu mwingine, kugonga mhuri mtu hayupo, kubeba bahasha ya karani wa mahakama, kupokea hela ya mteja kwenye simu yako.

Vya kushoto unavipangia muda, miezi mitatu au sita, hadi upate pa kwenda. Vya kulia unakataa siku hiyo hiyo. Kosa ninaloliona kila siku ni watu kugeuza, yaani analia chooni kwa sababu kafokewa, halafu akitoka anagonga mhuri bila kuuliza ili bosi afurahi.

Hatua ya 2: Kila agizo la mdomo ligeuze kuwa maandishi

Bosi toksiki anapenda kuagiza akiwa anatembea. Anapita koridoni anasema "ile ya Kisutu isogezwe", yaani kesi iliyoko mahakama ya Kisutu, keshokutwa anakataa. We ukifika mezani tuma meseji fupi, ya heshima, isiyo na harufu ya ugomvi:

"Shikamoo bosi. Kama ulivyoelekeza asubuhi, naenda Kisutu kuomba tarehe nyingine kwenye shauri la yule mteja wa kiwanja. Drafti ya utetezi nimeacha mezani kwako, siku ya mwisho kufailisha ni Alhamisi."

Basi. Hata asipojibu, imefika. Akisema "mbona unaniandikia kila kitu" mwambie kichwa chako kinasahau, hilo atalikubali haraka kwa sababu anakuona mjinga tayari.

ONYO: rekodi zako ni za maagizo, tarehe na mshahara. Usijitumie nyaraka za mteja kwenye imeili yako, usipige picha faili ukampa rafiki. Siri ya mteja inakufunga na wewe karani, Sheria ya Ushahidi haikumwacha mtumishi wa wakili nje, na hapo utakuwa umempa bosi sababu halali ya kukufukuza bure kabisa.

Hatua ya 3: Kila tarehe iwe sehemu tatu

Kitu cha kwanza kulipuka kwenye ofisi mbovu ni muda. Wakili anakaa na faili hadi dakika ya mwisho, likipitiliza karani ndo anakuwa mchawi. Kwa hiyo kila shauri likiingia andika tarehe kwenye diari ya ofisi, kwenye kaunta buku yako, na kwenye meseji kwa bosi.

Zile za kukariri hata ukiamshwa usiku: utetezi kwenye kesi ya madai ni siku 21 tangu mdaiwa apokee hati ya madai. Notisi ya kukata rufaa Mahakama ya Rufani ni siku 30 tangu uamuzi, na rekodi ya rufaa, lile kabrasha la nyaraka zote za rufaa, ni siku 60 tangu notisi ilipofailishwa. Barua ya kuomba mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu za yaliyosemwa mahakamani, nayo iende ndani ya zile 30 na mjibu rufaa apewe nakala, hii ya nakala imezamisha watu wengi kwa sababu barua iliandikwa vizuri ila ikabaki kwenye faili.

Za utetezi hesabu kuanzia siku inayofuata ile ambayo mdaiwa alipokea. Kumbusha mara tatu, siku 10 kabla, 5 kabla, na asubuhi ya mwisho. Mimi yalinikuta. Utetezi ulipitiliza, bosi akaniita mbele ya mteja akasema "huyu kijana ndo aliyelala", nikatoa simu taratibu nikasema bosi nilikutumia Jumatatu na Jumatano, hukujibu, nikadhani unalifanyia kazi. Hakuomba msamaha, usitegemee. Ila mteja alisikia, na kuanzia siku ile jina langu halikutajwa tena kwenye makosa ya tarehe.

Na mfumo wa mahakama wa kufailishia mtandaoni usikudanganye. Ukipandisha nyaraka usilale, chukua kontroli namba ya kulipia ada, hakikisha imelipwa siku hiyo hiyo, hifadhi risiti. "Nilipandisha ila hela ya ada sikupewa" ni maelezo ambayo yatakuumiza wewe, kwa hiyo ukinyimwa ada omba kwa meseji, ukitaja kiasi na siku ya mwisho.

Hatua ya 4: Dispachi

Fupi tu. Hakuna karatasi inayotoka mkononi mwako bila saini, jina, tarehe na saa ya aliyepokea. Ukienda masjala ya mahakama angalia mhuri wa kupokelea kabla hujageuka, wakati mwingine tarehe imerudi nyuma siku moja au wino haujashika unaona nusu duara tu. Mwombe karani agonge tena pale pale, kwa upole, ukiwa bado dirishani. Ukirudi kesho hakukumbuki.

Hatua ya 5: Mhuri na saini

Hapa nitakaa kidogo maana ndipo madogo wanapopotelea.

Ijumaa moja, jioni ofisi inafungwa, wakili mkubwa kaniwekea mezani hati ya kiapo, yale maelezo ya maandishi ambayo mtu anayaapia, kurasa nne. Mwapaji, yaani mwenye hayo maelezo, yuko Mwanza, simu haipatikani. Sehemu ya saini kuna vidoti vitupu, na juu yake kaweka kalamu ya bluu, kaiweka yeye mwenyewe, kofia kaitoa tayari. "Dogo si unaijua saini yake, malizia hapo tufailishe."

Moyo ulikuwa unadunda nikamwambia "bosi, naomba tumtumie kwa imeili aape kwa wakili yeyote wa huko huko Mwanza halafu askani, Jumatatu asubuhi mimi mwenyewe naiingiza." Alinitazama kama nimemwomba figo. Akachukua karatasi zake. Wiki mbili nikawa wa kutumwa maji tu. Miezi kadhaa mbele, kwenye shauri lingine kabisa, nilikuwa nimekaa benchi la nyuma nikasikia upande wa pili unaomba mwapaji aletwe ahojiwe juu ya kiapo chake, nikamuwaza yule wa Mwanza angeulizwa "hii saini uliiweka wapi, mbele ya nani?"

Sasa mambo ya kushika. Sura ya 12, ile sheria ya makamishna wa viapo, kifungu cha 8, inataka ile jurati, maneno ya mwisho chini ya hati, itaje mahali na tarehe ambayo kiapo kimechukuliwa, na anayechukua ni kamishna wa viapo, sio karani. Kusaini jina la mtu ni kughushi, na "niliagizwa" haikutoi. Utaratibu wa kukataa ni huu:

a) Usiseme "siwezi kufanya kosa la jinai", hapo umemwita mhalifu na vita imeanza.
b) Mpe njia nyingine inayowezekana kweli, kama ile ya wakili wa mkoani, au kuomba muda.
c) Jitolee kuifanya wewe hiyo njia, hata kama ni Jumamosi.
d) Akikulazimisha, sema "hapo bosi nitashindwa" kisha unyamaze. Usijaze ukimya, ukiujaza utajikuta unakubali.
e) Ukifika nyumbani andika kwenye kaunta buku tarehe, saa, nani alikuwepo.

Kuna na ile ndogo ndogo inayoonekana haina madhara. Bosi kasafiri, mhuri uko drooni, watu wanaleta nakala za vyeti vya shule wathibitishiwe, buku mbili mbili, we unagonga unachora kakibuyu pale kwenye saini. Acha. Mhuri wa wakili hauna tawi lako. Na ukiwa nje usijiite wakili, mwambie mteja "mimi ni wa ofisini, wakili atakupigia", kwa sababu Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inakataza asiye wakili kujifanya wakili, na siku ya kuomba kuapishwa historia yako inaulizwa.

Hatua ya 6: Hela

Mteja asitume hela kwenye namba yako. Bosi atasema "mpe namba yako tu, yangu imejaa". Mwambie ya kwako ina deni la Songesha, ule mkopo wa M-Pesa, itakata juu kwa juu, mimi nilitumia hiyo na ilifanya kazi. Kama tayari imeshaingia, itume nzima kwa bosi dakika hiyo hiyo, na meseji: "Nimepokea laki tatu kutoka kwa mteja wa mirathi, nimekutumia zote." Usikate nauli yako humo hata kama unadai miezi miwili.

Bahasha ya "kumlainisha" mtu wa masjala ndo mbaya zaidi, maana anayetoa na anayepokea wote wana kosa, na anayekamatwa na bahasha mkononi ni we uliyetumwa. Jibu langu lilikuwa "bosi huyo karani mimi hanifahamu ataniogopa". Namba ya TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, ni 113, haina makato.

Hatua ya 7: Ukitakwa kimapenzi

Hii naandika hasa kwa akina dada ingawa na wanaume yanawakuta. Bosi anajua unahitaji barua yake, anajua unahitaji nafasi, anaanza na "tukutane tuzungumzie mustakabali wako" saa moja usiku hotelini. Kudai ngono kwa sababu ya cheo ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na Sheria ya Ajira kifungu cha 7 inahesabu unyanyasaji wa namna hiyo kama ubaguzi kazini. Usifute meseji hata kama zinakutia aibu. Jibu moja la kukataa kwa maandishi, wazi, bila emoji ya kucheka, kisha mwambie mtu wa nje siku hiyo hiyo ili awepo shahidi uliyemweleza mapema. Kutaka kumalizana naye kimya kimya peke yako ndo kunakompa muda.

Hatua ya 8: Jua mahesabu yako

Kawaida ni masaa 45 kwa wiki, yasizidi 9 kwa siku. Ya ziada yawe ya kukubaliana na yanalipwa mara moja na nusu, siku ya mapumziko ya wiki na sikukuu ni mara mbili. Likizo siku 28 kwa mwaka. NSSF jumla ni asilimia 20 ya mshahara, kawaida nusu kwako nusu kwa mwajiri. Angalia salio lako kila mwezi, utashangaa watu wanakatwa na hakuna kinachofika.

Andika muda wako wa kuingia na kutoka kila siku. Dakika moja tu.

Hatua ya 9: Toka vizuri

Umepata pa kwenda, au umechoka. Taratibu.

Kama unalipwa kwa mwezi na umeshapita mwezi wa kwanza, notisi ni siku 28. Ukikimbia bila kuifanyia kazi mwajiri ana haki ya kukata kiasi hicho kwenye stahiki zako, kwa hiyo kuondoka kwa hasira Jumatatu kunamlipa yeye.

Kitu ambacho hakuna anayeniuliza na kingetakiwa kuulizwa cha kwanza ni barua ya kuacha kazi. Watu wananakili ya mtandaoni, "naacha kazi kwa sababu binafsi, nashukuru kwa ushirikiano". Kama ni kweli unaondoka kwa amani sawa. Ila kama umetolewa na manyanyaso, Sheria ya Ajira inakuhesabu kama umeachishwa pale ambapo mwajiri ndiye aliyefanya kazi isivumilike, na we ukienda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kitu cha kwanza upande wa pili watatoa ni barua yako yenye "sababu binafsi". Andika sababu halisi kwa mistari mitatu mikavu, bila matusi. Na kabla ya hapo uwe umelalamika kwa maandishi angalau mara moja, ionekane ulijaribu kumaliza ndani.

Makabidhiano: orodha ya mafaili yote, kila moja liko hatua gani, tarehe inayofuata, nini kinadaiwa, na anayepokea anasaini. Omba cheti cha utumishi, ni haki yako. Ukiwa umemaliza mwaka na umeachishwa, angalia na kiinua mgongo, siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka kumi, japo kuna mazingira haulipwi, mfano kufukuzwa kwa utovu wa nidhamu.

Muda wa kwenda CMA ni siku 30 kwa kuachishwa, siku 60 kwa madai mengine kama mshahara. Unajaza fomu F.1.

Yakikwama

*Sijawahi kupewa mkataba.* Haikuondolei uajiriwa. Sheria inamtaka mwajiri ndiye aandike masharti ya kazi, na kwenye mgogoro akishindwa kuyaleta mzigo wa kuthibitisha unamgeukia yeye. Zile meseji za benki sasa ndo zinafanya kazi.

*Nina miezi minne tu kanifukuza.* Chini ya miezi 6 huwezi kudai kuachishwa isivyo halali. Dai mshahara wa siku ulizofanya na notisi yako, usipoteze nguvu kwingine.

*Nimekosea kweli mimi mwenyewe.* Sema siku hiyo hiyo, kwa maandishi, pamoja na njia ya kurekebisha. Kosa la tarehe likijulikana mapema linaweza kuombewa muda, ukilificha wiki linakuwa la kwako peke yako.

*Anakata mshahara kwa faili lililopotea.* Hawezi kujikatia tu. Kunatakiwa makubaliano ya maandishi na upewe nafasi ya kujieleza. Mwandikie uombe maelezo ya makato.

*Nataka kumshtaki kwenye Kamati ya Mawakili, ile ya nidhamu yao.* Inawezekana kwa mambo ya maadili kama hela za wateja au viapo feki, ila usiitumie kudai mshahara, hiyo ni ya CMA. Na kama na wewe ulishika kalamu kwenye hicho kiapo, ongea na yule wakili wako wa nje kwanza.

*Bosi kagoma kutoa barua ya kunipendekeza.* Kuna mawakili wa upande wa pili mliokutana mahakamani mwaka mzima, wamekuona unaleta nyaraka kwa wakati. Waombe. Mimi barua yangu nzuri kuliko zote imeandikwa na mtu tuliyekuwa tunapingana naye kwenye kesi tatu.

*Siku 30 zimeshapita.* Kuna fomu F.2 ya kuomba kuongezewa muda. Unakumbuka ulivyokuwa unachapa kwenye maombi ya wateja kwamba kila siku ya kuchelewa lazima itolewe maelezo? Ni zamu yako sasa. Fungua kaunta buku, anza na siku ya 31, shuka nayo tarehe kwa tarehe hadi leo.